Kenya Haikuuza Titani, Iliuza Mchanga

Tangu iPhone 15 Pro itoke mwaka wa 2023 na fremu ya titani, hilo neno limegeuka cheo. Saa ya titani, miwani ya titani, hadi kikombe cha kambi cha titani. Uliza msee yeyote mtaani kwa nini titani, atakwambia, "Ni ngumu, hailiki." Halafu atakumbuka Kwale na kuongeza, "Na si sisi ndio tuko nayo?"

Hizo sentensi mbili ndizo zimenifanya niandike leo. Zote mbili zina shida, na shida yenyewe ni moja.

Kwanza, titani inalika. Ukiisugua na chuma kingine bila kuiandaa, inalika vibaya kuliko unavyodhani. Pili, kule Kwale hatukuwa na titani. Tulikuwa na mchanga. Kati ya ule mchanga na titani isiyolika kuna zaidi ya miaka 200 ya watu kufikiri, kuchoma, kusaga na kupima. Hiyo miaka ndiyo mali, na ndiyo stori ya leo.

Mchungaji na mchanga mweusi

Mwaka wa 1791, mchungaji mmoja wa kanisa huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, aliokota mchanga mweusi kwenye kijito. Aliitwa William Gregor, na kemia ilikuwa hobby yake. Ule mchanga ulivutwa na sumaku, kwa hivyo alijua una chuma ndani. Lakini alipoupima vizuri akakuta kuna kitu kingine humo ambacho hakifanani na metali yoyote iliyojulikana wakati huo.

Miaka minne baadaye, 1795, Mjerumani Martin Klaproth akakuta kitu kilekile ndani ya jiwe jekundu liitwalo rutile. Yeye ndiye aliyekipa jina: titanium, kutokana na Titans, majitu ya hadithi za Wagiriki.

Mchanga wa Gregor leo tunauita ilmenite. Shika hayo majina mawili, ilmenite na rutile, kwa sababu tutakutana nayo tena Kwale.

Sasa, kupata jina si kupata metali. Kutoka kwa Gregor hadi mtu wa kwanza kuitoa titani ikiwa safi kabisa ilipita miaka 119. Tatizo lilikuwa oksijeni. Chuma cha kawaida ukikipika na makaa, makaa yanainyakua oksijeni na chuma kinabaki. Wahunzi wetu Afrika walifanya hivyo karne nyingi kabla ya mkoloni kuja. Titani ilikataa huo mchezo. Ukiipika na makaa, inajishikanisha na kaboni ya makaa yenyewe, na unabaki na kitu kingine kabisa.

Mwaka wa 1910, Matthew Hunter, huko Troy, New York, alipitia njia ya mzunguko. Aliigeuza kwanza iwe kimiminika chenye klorini, kisha akakipasha moto na sodiamu ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa kabisa. Ikatoka, lakini kidogo kidogo tu, ya maabara. Miaka ya 1930 William Kroll wa Luxembourg akatafuta njia ya kuifanya kwa wingi, akaishia kutumia magnesiamu badala ya sodiamu. 1940 akahamia Marekani, na 1948 kampuni ya DuPont ikaanza kuiuza kibiashara. Hadi leo titani nyingi duniani inatengenezwa kwa njia ya Kroll. Inatoka ikiwa na matundu matundu, ndiyo maana wenye kazi yao wanaiita sponji.

Kwa hivyo hiyo metali yenyewe ni changa. Imekuwa sokoni kwa chini ya miaka 80.

Nguvu ni kitu kimoja, kulika ni kingine

Kilichoifanya titani ipate jina ni ndege. Ina uzito wa takriban gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo, wakati chuma cha pua kinakaribia 8. Ukiichanganya na alumini asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4, unapata aloi nyepesi yenye nguvu kama vyuma vingi vizuri. Pia haishiki kutu hata baharini. Wamarekani walipojenga ile ndege ya ujasusi SR-71, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1964, sehemu kubwa ya mwili wake ilikuwa titani. Na hapa kuna kichekesho cha historia: kiasi kikubwa cha hiyo titani kilinunuliwa kutoka Muungano wa Kisovieti kupitia kampuni bandia. Yaani jamaa aliuziwa malighafi ya ndege ya kumchungulia muuzaji.

Lakini mwili wa ndege hausugui kitu. Unapasua hewa tu. Weka titani mahali inasuguana na metali nyingine, mambo yanageuka.

Sababu ni hii. Juu ya titani kuna ganda jembamba sana la oksidi, la nanomita chache tu. Hilo ganda ndilo linaizuia isishike kutu. Sasa, ukibonyeza na kusugua, ganda linavunjika. Titani iliyo chini inabaki uchi, na titani uchi inapenda kushikana na kila kitu. Inang'ang'ania metali ya upande wa pili, inanyofoka vipande, na vile vipande vinaenda kukwaruza pote. Juu ya hayo, titani haipitishi joto vizuri, kwa hivyo joto la msuguano linakaa palepale na kuzidisha balaa. Fundi yeyote aliyewahi kukaza nati ya titani kwenye bolti ya titani bila grisi anaijua hiyo stori: ikishika, imeshika. Utaikata.

Mfano wenye uchungu zaidi ni wa mwili wa binadamu. Titani inakubaliana na mfupa vizuri ajabu. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua hivyo miaka ya 1950, na 1965 akaanza kuitumia kushikilia meno bandia. Kwa hivyo madaktari wa mifupa nao wakaona, mbona tusiitumie kwa nyonga? Kuna nyonga bandia za miaka ya 1970 na 1980 ambazo hata ile mpira ya juu, inayozunguka ndani ya kikombe cha plastiki kila ukipiga hatua, ilitengenezwa kwa aloi ya titani. Baadhi ya wagonjwa walipofunguliwa tena, madaktari walikuta nyama iliyo karibu na kiungo imekuwa nyeusi kwa unga wa metali. Ile mpira ilikuwa inalika ndani ya mtu.

Leo shina linaloingia ndani ya mfupa bado ni la titani mara nyingi, lakini ile mpira ni ya kauri au ya aloi ya kobalti na kromiamu. Metali ilikuwa na nguvu ya kumbeba mtu mzima. Kilichoshindwa ni ngozi yake.

Ndiyo maana mimi mtu akiniambia kitu ni "kigumu" huwa namuuliza: kigumu kikifanya nini? Kigumu kikivutwa? Kikigongwa? Ama kikisuguliwa mara milioni moja? Hayo ni maswali matatu tofauti na yana majibu matatu tofauti.

Hata sayansi yenyewe ilichelewa kulichukua hilo swali kwa uzito. J. F. Archard alitoa kanuni yake maarufu ya kulika mwaka wa 1953: kiasi kinacholika kinaongezeka kadiri mzigo na umbali wa kusuguana unavyoongezeka, na kinapungua kadiri sehemu ya juu inavyokuwa ngumu. Na neno tribology, elimu ya msuguano na kulika, lilianza kutumika rasmi Uingereza 1966 kupitia ripoti ya Peter Jost. Alikuwa anaiambia serikali kwamba nchi inapoteza pesa nyingi kwa sababu tu mashine zinalika na hakuna anayeangalia.

Ingia unga

Sasa, unaifanyaje titani isilike? Njia moja ni kuipaka kitu juu, ama kuichoma kwenye gesi ya naitrojeni ili ngozi yake iwe ngumu. Inasaidia, ila ngozi ikiisha umerudi ulikotoka. Njia nyingine ni kuibadilisha hadi ndani. Hapo ndipo unga unaingia.

Kutengeneza metali kwa unga ni ujanja wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 huko London, William Hyde Wollaston alikuwa na platinamu na hakuwa na moto wa kuiyeyusha. Akaifanya unga, akaibana, akaipasha moto, akaifua kwa nyundo mpaka ikashikana ikawa kitu kizima. Karne moja baadaye, karibu 1910, William Coolidge wa General Electric alitumia wazo hilohilo kwa tangisteni, inayoyeyuka kwa zaidi ya nyuzijoto 3,400. Zile balbu za waya wa kung'aa zimetoka hapo. Unga ni njia ya kupitia dirishani wakati mlango umefungwa.

Kwa titani, kuna mbinu naipenda sana. Titani yenyewe haisagiki, inapondeka tu na kulala kama kipande cha mpira. Lakini ukiipasha moto ndani ya haidrojeni, inaimeza ile gesi na kuwa kavu, ya kuvunjika kama biskuti. Unaisaga sasa. Ikishakuwa unga, unaipasha moto tena ndani ya ombwe, haidrojeni inatoka, na unabaki na unga wa titani. Udhaifu unaazimwa kwa muda, kazi ikiisha unarudishwa.

Kisha kuna kinu. Usifikirie posho mill ya mtaa. Fikiria pipa linalozunguka likiwa limejaa gololi za chuma. Miaka ya 1960, John Benjamin wa kampuni ya INCO aligundua kwamba ukisaga unga wa metali tofauti pamoja kwenye kinu cha aina hiyo kwa masaa mengi, haufanyi tu uwe laini. Kila gololi zikigongana, punje zilizo katikati zinabanwa mpaka zinashikana, halafu zinavunjika, halafu zinashikana tena. Baadaye ndani ya kila punje kuna mchanganyiko wa zote. Umechanganya metali bila kuyeyusha chochote.

Hiyo inakupa zawadi mbili. Ya kwanza, fuwele za ndani ya metali zinakuwa ndogo sana, na kadiri fuwele zinavyokuwa ndogo ndivyo metali inavyokuwa ngumu. E. O. Hall na N. J. Petch walilionyesha hilo kwa chuma kati ya 1951 na 1953. Ya pili, unaweza kutawanya ndani yake vipunje vya vitu vigumu kabisa, kama vile misombo ya titani na boroni au titani na kaboni, vikakaa kila mahali kama kokoto ndani ya zege. Ukiisugua hiyo metali, mzigo unabebwa na kokoto. Na ngozi ikiondoka, chini yake kuna kokoto zingine.

Altezza inajua hii stori

Wapenzi wa magari, hii ni yenu. Mwaka wa 1998 Toyota ilipotoa Altezza, ile RS200 ya manual yenye injini ya 3S-GE ilikuja na valvu za titani zilizotengenezwa kwa unga. Si valvu za mbio za magari za bei ya nyumba. Ni za gari la kawaida la kuuzwa dukani.

Fikiria kazi ya valvu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufungwa mara 50 kwa sekunde. Inagonga kiti chake, inasugua bomba linaloiongoza, na ile ya moshi inafanya hayo yote ndani ya moto mkali. Ukiifanya nyepesi, springi inapata nafuu na injini inaweza kuzunguka kasi zaidi. Titani ingefaa kwa uzito. Kwa kulika na kwa joto, ilikuwa chaguo mbaya.

Watafiti wa Toyota walifanya hivi: walichukua unga wa titani, unga wa aloi za kuongezea, na unga wa msombo wa titani na boroni. Wakachanganya, wakabana, wakaoka kwenye tanuru chini ya joto la kuyeyuka. Ndani ya tanuru, boroni ikaachana na sehemu ya ule msombo wa kwanza na kujiunga na titani iliyo jirani, na kuunda vipunje vipya vigumu ndani ya metali yenyewe. Kwa sababu vimezaliwa humohumo, vinashikana na metali vizuri kuliko kitu kilichotoka nje. Baadaye walilifua bonge likiwa moto likawa umbo la valvu.

Kuna Altezza zimefika Kenya kitambo na bado unazisikia zikipiga kelele Thika Road. Kumbe wengine wetu tumekuwa tukipitwa na mojawapo ya majibu mazuri ya swali la titani, na sisi tunaangalia rimu.

Nisikudanganye kwamba unga ni muujiza. Ukisaga sana, unga unakula oksijeni ya hewa, na titani yenye oksijeni nyingi ni ngumu lakini inavunjika kama glasi. Gololi zenyewe zinalika na kuacha chuma ndani ya unga. Usipobana na kuoka vizuri, matundu yanabaki, na ukingo wa kila tundu ndipo kipande kinapomegekea. Halafu unga laini wa titani unashika moto kwa urahisi, ndiyo maana watu wanausaga ndani ya gesi ya agoni. Kila hatua inakupa kitu na kukunyang'anya kingine. Anayeshinda ni anayepima.

Turudi Kwale

Mgodi wa Kwale ulianza uzalishaji mwishoni mwa 2013. Februari 2014 mzigo wa kwanza ukaondoka kwa meli kutoka Likoni. Kwa miaka kama 11 zilichimbwa ilmenite, rutile na zircon. Ndiyo, ilmenite ileile ya mchungaji Gregor na rutile ileile ya Klaproth. Desemba 2024 uchimbaji ukaisha. Mchanga wa kuchimbwa kwa faida ulikuwa umefika mwisho.

Kuna watu wanasema, "Tulipora utajiri wetu wenyewe, tungetengeneza titani hapa." Naelewa hiyo hasira, lakini siamini kwamba lilikuwa jambo rahisi hivyo. Duniani, sehemu kubwa kabisa ya ilmenite na rutile haiwi metali hata. Inageuzwa unga mweupe wa rangi: ule ulio ndani ya rangi ya ukuta, plastiki, na karatasi. Njia ya Kroll nayo inakula umeme, magnesiamu na klorini kwa wingi. Kujenga hayo yote kwa ajili ya mgodi wa miaka 11 si hesabu ya kuandikia kampeni.

Lakini pia siwezi kukubali jibu la upande wa pili, kwamba hakukuwa na cha kufanya. Angalia Japani. Haina mgodi wa maana wa titani. Inanunua madini kutoka nje, na bado ni mojawapo ya nchi zinazotengeneza titani nyingi zaidi duniani. Toyota haikupata ile valvu kwa sababu Japani ina mchanga. Iliipata kwa sababu kuna watu waliolipwa kwa miaka mingi kukaa maabara wakiuliza kwa nini hiki kipande kimelika kuliko kile.

Hapo ndipo sentensi zetu mbili zinakutana. Anayesema "titani hailiki" na anayesema "tuko na titani" wanafanya kosa moja: wanadhani uzuri umo ndani ya jina. Kumbe uzuri umo kwenye kazi. Titani bila kazi inalika. Mchanga bila kazi unaisha.

Na hii si ya kuombolezea mgodi uliofungwa. Hapo hapo Kwale kuna Mrima Hill, wenye niobiamu na madini adimu ambayo dunia inayatafuta sasa hivi. Mjadala wa nani achimbe na nani alipwe ngapi utakuja tu, na ni lazima uje. Ila mimi ningependa sisi tulio chini ya miaka 30 tuulize swali la pili: ni hatua gani moja baada ya mchanga tutakayoifanya wenyewe, na nani anafundishwa sasa hivi kuifanya?

Hatua inaweza kuwa ndogo. Mashine ya kupima kulika kwa metali, ile ya msingi kabisa, ni mota inayozungusha sahani, kipini kinachobonyezwa juu yake kwa uzito unaojulikana, na mizani nzuri ya kupima kilichopungua. Mwanafunzi wa uhandisi wa chuo cha ufundi anaweza kuijenga kama mradi wa mwaka wa mwisho. Akiwa nayo, anaweza kwenda Kirinyaga Road, achukue bushi tatu za bei tatu tofauti, na awaambie mafundi kwa nambari ni ipi itakayodumu. Hiyo haihitaji mgodi wala leseni. Inahitaji mtu aliyechoka kuambiwa "hii ni orijino, hailiki."

Kama uko campus na uko na hilo wazo, lifanye. Pima, andika nambari, zitoe watu wazione. Mimi nitakuwa wa kwanza kuzisambaza.